Nani Alikuwa Anakula Intaneti Yetu

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na mtu aliyekaa na watoto themanini chumba kimoja haamini mtu upesi. Ukiuliza nani kavunja kioo, wote wanakutazama usoni na macho meupe, kama malaika. Nilistaafu na jicho lile lile la kushuku. Nilipowekewa intaneti nyumbani, jicho likapata ajira mpya.

Intaneti yenyewe ilikuja kwa sababu ya binti yangu. Alikuwa Dar es Salaam, kazi yake ya ofisini ikaisha, akapata nyingine ya kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Mwanafunzi yuko kwao Ulaya, mwalimu yuko popote penye intaneti. Siku moja akanipigia akasema, "Mama, kama hapo nyumbani kungekuwa na intaneti ya uhakika, ningerudi." Mimi ni mjane na huyu ndiye mtoto wangu pekee. Nilimjibu kwa mkato kwamba nitaona, maana sikutaka asikie sauti inavyotetemeka. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshampata fundi.

Nyumba yangu iko milimani, Mbinga, upande wa Matiri, kwenye ntambo wa ukoo wa marehemu mume wangu. Ntambo ni mgongo mmoja wa mlima, kutoka kileleni mpaka mtoni, na wote wanaolima na kukaa humo ni ndugu. Mimi nimejenga juu. Ng'ambo ya uwanja, chini yangu kidogo, anakaa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye ni katibu wa chama cha wakulima wa kahawa. Na kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu alikuwa anakaa mpangaji, muuguzi wa zahanati, msichana wa ziwani, kutoka Chiwanda huko karibu na mpaka wa Msumbiji.

Fundi alikuja kutoka Songea. Akapanda juu ya bati, akafunga kidishi kinachotazama mnara, akapitisha waya dirishani, na ile ruta akaiweka juu ya kabati, kwenye kona ya sebule. Akaandika paswedi kwenye kipande cha karatasi. "Mama, hii ukimpa mmoja, umewapa wote," akasema huku anacheka. Yeye alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Tukawa kompyuta nne kwenye laini moja: yangu ya kusomea habari na kuandikia kumbukumbu za jumuiya, ya binti yangu, ya muuguzi aliyekuwa anasoma stashahada kwa mtandao, na ya shemeji kwa ajili ya shughuli za chama. Hao wawili wa mwisho niliwakubali shingo upande. Binti yangu ndiye aliyewaombea. Shemeji naye akanikumbusha habari ya bomba. Hapa ntamboni maji ya chemchemi yanashuka kwa bomba moja, nyumba hadi nyumba, na desturi ni kwamba mwenye nyumba ya juu anakinga kwanza, lakini hafungi. Mama mkwe wangu alinifundisha hilo nikiwa bado bi harusi. "Shemeji, na hii si ni hivyo hivyo?" akaniuliza.

Lakini paswedi sikumpa mtu. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye kila kompyuta, na kila mmoja nilimwambia ageuke kwanza. Muuguzi aligeuka akiwa anatabasamu. Nikajiuliza anatabasamu nini.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri sana, nakiri. Asubuhi ningekaa jikoni namenya viazi huku namsikia binti yangu chumbani kwake: "Rudia tena. Ninakwenda sokoni." Na sauti ya mtu wa mbali inarudia, inavunja maneno kama anayetafuna mahindi mabichi. Nyumba ilikuwa na sauti ya mtu tena. Tangu baba yake afariki nilikuwa naongea na kuku tu, na kuku wenyewe walikuwa wameshanichoka.

Kulikuwa na jambo moja. Kampuni yake ilikuwa imemweka kwenye majaribio. Mwalimu ambaye vipindi vyake vinakatika-katika anaondolewa, na aliponionyesha ule ujumbe alinitafsiria neno kwa neno. "Wakinitoa, Mama, itabidi nirudi Dar nikatafute," akasema. "Siwezi kukaa hapa bure nakula ugali wako." Nilimwambia ugali wangu haujawahi kumlalamikia mtu. Lakini sikulisahau lile neno, kurudi Dar. Nililala nalo na kuamka nalo.

Kisha ukaja msimu wa kahawa. Huku kwetu mavuno yanaangukia kwenye baridi na ukungu, na mwaka ule jua lilikuwa la kubahatisha. Tukasikia kwamba Mkumbi watu wameamka wakakuta vichanja vyao vya kuanikia vimekombwa vyeupe. Mimi sikusubiri zamu yangu. Kahawa ilikuwa bado haijakauka sawasawa, nikaijaza kwenye magunia, nikayaingiza yote sebuleni, nikayapanga mpaka karibu na dari. Na kwa kuwa nilikuwa sitaki kila anayekuja kuomba chumvi aione ile ruta, nikayapanga mbele ya kabati, kona nzima ikafichika. Meza yangu ikabaki humo humo ndani pamoja na ruta. Nikawa naingia kwa ubavu. Nilijipongeza kweli kweli, mali zangu zote mbili nimezificha kwa mpigo mmoja.

Haikupita wiki, vipindi vya binti yangu vikaanza kukatika.

Mwanzo alinyamaza. Nilimjua kwa jinsi anavyotoka chumbani akiwa amebana midomo, anakunywa maji, anarudi. Siku ya tatu akasema, "Mama, mwanafunzi ananiona kama picha tu. Midomo haiendi." Nikaenda kwenye kompyuta yangu kwenye kona. Kwangu kila kitu kilikuwa kinafunguka upesi, habari, picha, mpaka misa ya video. Nikarudi kwake, kakwama. Kwangu inakimbia, kwake inakwama. Nikasema, hapa katikati kuna mtu.

Mtu wa ntambo hafundishwi jambo hili. Maji yakikosekana nyumba ya chini na ya juu yanamwagika, unapanda na bomba hatua kwa hatua mpaka umpate aliyetoboa akaunga mpira wake kwenda kwenye tanuru la matofali. Hakuna muujiza hapo. Kuna mwizi tu. Na kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo sikwenda mbali kumtafuta.

Nilianza na shemeji. Siku mbili nilikaa barazani nikijifanya nachambua maharage, namtazama kupitia dirisha lake. Kila akifungua kompyuta, nampigia kelele binti yangu, "Vipi sasa?" Naye ananijibu kwa kuchoka, "Vile vile, Mama." Nikaenda nikamkabili. Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe shemeji, kaka aliniambia zamani, huyu mwanamke hata kivuli chake anakiuliza kinatoka wapi," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Nitoe mimi kabisa, uone. Wiki nzima. Shughuli za chama nitakwenda kufanyia mjini." Nikamtoa. Watu wengine wangeona aibu. Mimi nilisema, huyu mbona amekubali haraka hivi?

Wiki ikapita, hakuna kilichobadilika. Kampuni ikamwandikia binti yangu onyo. Alilisoma akiwa amesimama mlangoni, akakunja kompyuta, akasema bado amebakiwa na nafasi moja.

Akabaki muuguzi.

Nikaanza kuyakumbuka mambo yake moja moja. Akirudi kutoka likizo kwao huniletea usipa, vile vidagaa vya ziwani, na mara moja aliniletea mbasa mkubwa amemfunga kwa majani. Nilimla na nikashukuru, lakini sasa nikajiuliza, mpangaji anampelekea mwenye nyumba samaki wa nini? Wenzake wa zahanati walikuwa wanakuja kumtembelea Jumapili na simu zao mkononi. Wanakaa barazani saa nzima wanacheka. Mtu anacheka saa nzima na simu, bila intaneti? Na alipokuja mwenyewe kuniambia, "Mwalimu, hata kwangu inasumbua siku hizi," ndipo nilipopata uhakika. Nilishaona darasani, aliyeficha kalamu ndiye wa kwanza kulia kwamba kalamu yake imepotea.

Nilimwita sebuleni, mbele ya magunia. Nikamuuliza amewapa wangapi paswedi.

"Mwalimu, mimi siijui," akasema. "Uliandika wewe. Mimi niligeuka."

"Watu wana ujanja wao."

Akasema ana mtihani Jumamosi saa nne asubuhi, wa kufungia mwaka, unafanyikia kwenye kompyuta, na akaomba kama nina wasiwasi basi nimvumilie mpaka siku hiyo, baada ya hapo nimtoe. Aliongea kwa heshima, mikono ameikunja mbele. Nikamwambia nimesikia. Kwa kweli nilikuwa nimesikia neno moja tu, Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa nne binti yangu alikuwa na kipindi, na kampuni ilisema kipindi hicho watakisikiliza wenyewe.

Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa. Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, niliingia kwa ubavu kwenye kona yangu, nikafuata maelekezo ambayo fundi aliwahi kuniachia, nikabadilisha paswedi. Nikaiandika kwenye kompyuta ya binti yangu tu, naye safari hii sikumwambia ageuke. "Akigonga, usimpe," nikamwambia. "Ni saa moja tu ya kipindi chako. Ukiisha tutaona." Akasema, "Mama, leo ana mtihani." Nikasema, "Na wewe leo una nini?" Akarudi chumbani kwake. Nikachukua kanga yangu nikaenda kwenye mkutano wa jumuiya, tukasali, na nikasoma mimi mwenyewe somo la siku ile kwa sauti ya kutosha.

Niliporudi, muuguzi alikuwa ananawa miguu kwenye bomba la uwanjani. Tope lilikuwa limefika magotini. Kwetu mtandao wa simu ni wa shida, ukitaka kuupata vizuri unapanda mpaka barabara kuu. Alikuwa amekimbia kule na kompyuta kwapani, kwenye ukungu, akajaribu kuiunganisha na simu akiwa amekaa kwenye jiwe. Alipofanikiwa kufungua, mtihani ulikuwa umekwisha kufungwa. Hayo alinieleza binti yangu baadaye. Yeye muuguzi aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaingia chumbani kwake. Nikaitikia.

Na kipindi cha binti yangu je? Kilikatika mara tatu. Kompyuta ya shemeji haipo, ya muuguzi haipo, yangu nimeizima mwenyewe, na bado kilikatika mara tatu. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilikaa mezani jioni ile nikafikiri, kumbe huyu msichana ana njia nyingine. Nilifikiri hivyo kabisa. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Jumatatu muuguzi akahama. Alipata chumba karibu na zahanati. Alifagia chumba changu, akapiga deki, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.

Jumanne chama kikafungua ghala. Shemeji akaja na vijana na gari, wakaanza kutoa magunia sebuleni. Nilisimama mlangoni nayahesabu, maana hata shemeji ni binadamu. Walipofika kwenye yale ya mbele ya kabati na kona ikafunguka, binti yangu alitoka chumbani kwake na vifaa vya masikioni vimening'inia shingoni. Alikuwa katikati ya kipindi.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tunatoa kahawa."

"Imerudi," akasema. "Imerudi yote. Namwona mpaka nyusi."

Nilimpigia fundi simu palepale. Akaniuliza ruta iko wapi, nikamwambia ipo pale pale alipoiacha. Akaniuliza mbele yake kulikuwa na nini. Nikamwambia kahawa. Kavu? Si sana. Akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba ile intaneti haipiti kwenye mrija, inasambaa hewani kama sauti, na magunia ya kahawa yenye maji yanaifunika kama vile umeifunga blanketi. "Kwako ilikuwa nzuri kwa sababu mlikuwa ndani ya blanketi pamoja," akasema. "Hakuna aliyekula kitu, Mama."

Nilikaa juu ya gunia mojawapo. Shemeji alisikia yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Akawaambia vijana waniache kwanza, wabebe mengine.

Siku ya pili nilikwenda zahanati. Sikujua nitaanzaje, nikapanga foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika alikuwa yeye, na sare yake nyeupe. "Shikamoo, Mwalimu. Unasumbuliwa na nini?" Nikasema nimekuja kwa sababu nimekosa. Nikamweleza ya magunia, yote, mbele ya mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mwenye homa. Alinisikiliza huku ananifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Nikamuuliza habari ya mtihani. Akasema ataurudia mwaka kesho, atakapopangiwa na wenzake wa nyuma. Nikamwomba arudi nyumbani, chumba kipo, na paswedi nitampa mkononi.

"Yameisha, Mwalimu," akasema. "Presha yako iko juu. Upumzike." Akamwita mgonjwa anayefuata.

Kampuni haikumtoa binti yangu. Kile cha Jumamosi walimsamehe wakamwongezea muda, na walipoona vipindi vimetulia, wakampa barua ya kazi ya kudumu. Aliponisomea ile barua nilishika meza kwa furaha. Nikasema basi, yameisha kweli, mtoto amebaki. Nikachinja jogoo. Tulikula mimi, yeye na shemeji, na shemeji akarudishiwa laini yake, tukacheka kidogo.

Baada ya kula, shemeji alipoondoka, binti yangu akasema anaondoka.

Nikamwambia hasikii anachosema. Kazi anayo. Intaneti inakimbia. Anakwenda Dar kufanya nini?

"Kufanya kazi hii hii," akasema.

"Sasa si uifanyie hapa?"

Alikuwa anaokota mifupa kutoka kwenye sahani na kuiweka pembeni, mmoja mmoja. "Mama, aligonga," akasema. "Aligonga mlango wangu mara nne. Alisema, dada, nisaidie, dakika kumi tu niingie. Nilikuwa naijua ile paswedi. Nikaongeza sauti ya kipindi ili nisimsikie." Akanitazama. "Wewe ndivyo ulivyo, nimekuzoea. Mimi sikuwa hivyo. Nikikaa hapa nitakuwa hivyo."

Nilikusanya sahani nikazipeleka jikoni. Niliumia mahali ambapo sikujua kama panaweza kuuma. Aliondoka Alhamisi, na shemeji ndiye aliyembebea begi mpaka barabarani.

Alikuwa ananipigia kwa video kila Jumapili baada ya misa. Intaneti yangu ni safi siku zote, sebule haina gunia hata moja, namwona binti yangu mpaka nyusi. Jumapili moja nyuma yake nikaona koti la kiume limetundikwa kwenye msumari. Sikuuliza. Nilisogea tu kwenye kioo cha kompyuta ili nilione vizuri, na nikasogea tena.

"Mama, unatafuta nini huko nyuma?"

"Sitafuti kitu."

Akageuka akalitazama lile koti, akanigeukia mimi, tukaongea habari za mahindi.

Jumapili iliyofuata alinipigia simu ya kawaida, sauti peke yake, na iliyofuata vile vile. Nilipomuuliza kulikoni, akasema video haishiki vizuri huko kwake siku hizi, laini ni moja na wapangaji ni wengi, labda kuna mtu anaikula. Nilijua si kweli, na yeye alijua kwamba nimejua. Nikamwambia sawa, mwanangu, sauti inatosha.